Hela, Pesa na Rupia: Sarafu za Kale Zilizobaki Majumbani Mwetu

Kila siku vinywani mwetu twataja fedha ambazo wengi wetu hatujapata kuzitia machoni. Mwanafunzi akimwambia mzazi wake kwamba hela zimekwisha, ataja sarafu ya Wajerumani iliyoitwa Heller, ambayo ilianza kupigwa mwaka 1904 na ikakoma kutumika miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mzazi akijibu kwamba pesa hakuna, naye ataja sarafu nyingine iliyo kongwe zaidi, ambayo jina lake lilitoka Bara Hindi kwenye neno paisa. Mzee wa Pwani asemaye sumuni kwa maana ya senti hamsini atumia neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane, nayo ilikuwa sehemu ya nane ya reale. Hata neno fedha lenyewe ni jina la madini, kwa sababu ulikuwapo wakati ambapo sarafu isiyokuwa ya fedha haikuhesabiwa kuwa mali ya maana.

Nafundisha Historia, na kwa miaka kadha nimekuwa nikikusanya sarafu na noti za kale, nyingi katika hizo nikizipata hapa hapa mtaani Mlandege na katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Iringa. Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze namna ya kuzisoma na kuzitunza. Nimekubali upesi, maana ipo haja. Sarafu hizi zinapotea kwa njia mbili. Wako wanaoziona kuwa takataka, wakawapelekea wanunuzi wa vyuma chakavu au sonara aziyeyushe. Na wako wanaoziona kuwa hazina ya ajabu yenye thamani ya mamilioni, nao huishia kutapeliwa. Hao wa pili nitawarudia, kwa kuwa mwaka jana jambo hilo nusura limkoseshe ada mwanafunzi wa shule hii.

Kwanza yafaa tujue kwamba sarafu si kitu cha kuletewa na wageni tu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba kwa karne kadhaa kabla Mreno hajaonekana katika bahari yetu. Sarafu hizo ni ndogo, na upande mmoja huwa na jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yana vina kama shairi. Hazina mwaka, jambo linalowasumbua sana wataalamu. Zilisafiri mbali: moja imeonekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, watu wanabishana mpaka leo.

Bara lilikuwa na mali zake nyingine, kama ng'ombe, majembe, chumvi, shanga na vitambaa. Sarafu iliyoingia bara kwa wingi pamoja na misafara ni reale, yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Mtu akiipata ataona imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, naye atadhani ameshika kitu cha zaidi ya miaka mia mbili. Haelekei kuwa sahihi. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliizoea sura ile hata wakawa hawaitaki nyingine, basi viwanda vya Vienna, na baadaye vya Rome, London na Bombay, viliendelea kuipiga katika karne ya ishirini bila kuubadili mwaka. Hilo ni somo la kwanza kwa mkusanyaji: mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kuzaliwa. Unguja nako Sayyid Barghash alipiga sarafu zake mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, na pesa yake ya shaba yenye picha ya mizani bado huonekana Pwani. Huku kwetu nimeiona mara moja tu.

Wajerumani, au Wadachi kama wazee walivyowaita, walianza na kampuni ya biashara. Kampuni hiyo ilipiga pesa ya shaba kuanzia mwaka 1890, na rupia ya fedha. Pesa 64 zilifanya rupia moja, kama ilivyokuwa hesabu ya Bara Hindi. Pesa ile ina tai wa Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijra, 1307 au 1308 au 1309. Tazama busara ya mfanyabiashara: alijua kwamba wateja wake wa Pwani wanasoma Kiarabu, wala hawatapokea kwa moyo kitu wasichoweza kukisoma. Rupia kwa upande wake ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na nyuma mna simba na mnazi, alama za kampuni. Tangu mwaka 1891 nchi ilikuwa mikononi mwa serikali ya Ujerumani, lakini rupia ziliendelea kuandikwa jina la kampuni mpaka 1902, kwa kuwa kampuni ilibaki na haki ya kupiga sarafu. Ukikuta rupia yenye simba, basi ni ya kampuni. Ukikuta isiyo na simba, bali maneno Deutsch Ostafrika na matawi ya mnazi, hiyo ni ya serikali, ya mwaka 1904 au baadaye.

Huku Uheheni rupia haikuingia kwa hiari. Wajerumani walipomwinda Mtwa Mkwawa baada ya kuiteka Kalenga mwaka 1894, walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Mkwawa alijiua kwa bunduki mwezi Julai 1898. Katika mwaka huo huo kodi ya nyumba ilianza kutozwa, na kiwango cha shamba kilikuwa rupia tatu kwa nyumba. Fikiri, ewe mwanafunzi, mtu mwenye ng'ombe na ghala la nafaka lakini hana rupia hata moja. Mwanzoni wengine walilipa kwa mazao, lakini serikali ilitaka fedha, na fedha ilipatikana kwa kuuza kitu kwa mzungu au mfanyabiashara, ama kwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na njia za reli. Kwa hiyo ninapowaonyesha wanafunzi rupia ya miaka ile huwa siwaambii kwamba ni fedha ya kununulia tu. Ilikuwa pia chombo cha kumtoa mtu nyumbani kwake.

Mwaka 1904 serikali ilibadili hesabu. Rupia ikagawanywa kwa heller 100, na rupia 15 zikawa sawa na maki 20 za Ujerumani. Hapo ndipo neno hela lilipozaliwa. Heller moja ni sarafu ndogo ya shaba, upande mmoja taji na mwaka, upande wa pili tarakimu ndani ya majani. Ilipigwa kwa mamilioni, nayo ndiyo inayookotwa zaidi mashambani mvua zikinyesha. Chini utaona herufi ndogo: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Heller 5 za mwaka 1908 na 1909 ni shaba kubwa mno, yapata gramu 20, na si ajabu ziliachwa upesi, maana kumi zake tu zingetoboa mfuko. Zilikuwapo pia heller 5 na 10 zenye tundu katikati, za mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambazo watu waliweza kuzitunga katika kamba. Tundu kama hilo Waingereza nao walikuwa nalo katika sarafu zao ndogo. Wanafunzi wengi hudhani kwamba liliwekwa ili kuokoa madini tu, lakini mtu asiye na mfuko katika nguo yake alijua faida nyingine.

Noti nazo zilianza mwaka 1905, za rupia 5, 10, 50 na 100. Ile ya rupia tano ina picha ya simba wawili. Ni nadra sana kuipata huku, maana karatasi haishindani na mchwa.

Sasa twafika mahali ninapopapenda kuliko pote. Vita vilipoanza mwaka 1914 Waingereza walifunga bahari, na fedha za Ujerumani zikawa haziingii tena. Kuanzia mwaka 1915 serikali ilichapisha noti za dharura humu humu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, hata ile ya kufungia bidhaa, na za mwisho mwaka 1917 zilipigwa porini kwa mihuri ya mpira. Mwaka 1916 sarafu zilipigwa Tabora, katika karakana ya reli. Mafundi walitumia shaba ya manjano waliyoipata kwa maganda ya risasi na mabaki ya vyombo, wakatoa heller 5 na heller 20 zenye herufi T chini, T ya Tabora. Hazikulingana hata kidogo. Mataji mengine makubwa, mengine madogo, na herufi zimekaa kombo, kwa kuwa mihuri ilichongwa kwa mkono na kuchakaa haraka. Zilipigwa heller 20 zipatazo milioni moja na laki sita. Palepale Tabora ikapigwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilitoka 16,198 tu. Mchongaji wa mihuri yake alikuwa sonara kutoka Ceylon. Kwa macho yangu ni sarafu nzuri kupita zote zilizopata kutoka katika ardhi yetu, nami nimeiona katika picha tu.

Lakini heller 20 ya Tabora nimeishika, tena Mlandege, nyumbani kwa bibi mmoja jirani. Nilikwenda kumwamkia, nikasema, "Kamwene, bibi," naye baada ya kuitikia akaniuliza kama ni kweli nanunua vyuma vya Wadachi. Nikamjibu, "Sinunui, bibi, naandika habari zake tu." Akacheka, akamtuma mjukuu wake alete mkebe wa chai uliokuwa uvunguni. Mlikuwa na heller ndogo tisa, rupia moja ya mwaka 1905, na kipande kimoja cha shaba ya manjano kilichotobolewa karibu na ukingo ili kivaliwe shingoni. Nikaiona T.

Nikamwuliza ilikotoka. Akasema, "Hii, mwanangu, alikuja nayo baba wa mama yangu. Alikuwa mpagazi wa vita. Alichukuliwa huko Unyamwezi, akabeba mizigo mpaka huku, akaugua, wenziwe wakamwacha. Watu wa hapa wakamtunza, akaoa." Jina la jemadari wa msafara ule hakulijua, wala mwaka.

Basi linganisheni na vitabu. Jeshi la Ubelgiji liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wajerumani waliokuwa wakiulinda mji ule, chini ya Jenerali Wahle, walirudi nyuma kuelekea kusini-mashariki, na katika Oktoba na Novemba walikuwa wakipigana na Waingereza huku kwetu, pande za Ngominyi na Lupembe. Mji wa Iringa wenyewe Waingereza walikuwa wamekwisha kuutwaa tarehe 29 Agosti. Njia ya msafara huo ndiyo njia ya babu yule. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita vile, na majina yao hayakuandikwa katika mawe. Hapa tunaye mmoja aliyepona, na ushahidi wake ni kipande cha shaba cha heller 20 pamoja na maneno ya mjukuu wake. Tenga hivyo viwili, shaba ukampa mnunuzi na maneno yakazikwa pamoja na bibi, hutabaki na kitu ila sarafu moja kati ya milioni moja na laki sita. Bibi hakunipa sarafu, nami sikuomba. Alinipa ruhusa ya kuipima, kuichora na kuandika aliyoyasema.

Baada ya vita Waingereza walileta fedha zao. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki iliundwa London mwishoni mwa mwaka 1919, ikatoa florini mwaka 1920, ambayo haikudumu, kisha shilingi ya senti 100, ambayo ilitoka kuanzia 1921. Shilingi ile ina simba mbele ya milima, na mwanzoni robo yake tu ndiyo iliyokuwa fedha halisi. Senti ndogo zilikuwa na tundu na pembe za ndovu. Mkusanyaji hatazami sura tu, husoma pia herufi za viwanda: H na KN ni vya Uingereza, I ni Bombay, SA ni Pretoria, kwa kuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili meli za kutoka Uingereza hazikuwa salama. Husoma pia cheo cha mfalme. Hapo awali mfalme aliandikwa kuwa Kaisari wa India, na sarafu za 1949 hazina tena maneno hayo, maana India ilikwisha kupata uhuru mwaka 1947. Habari kubwa ya dunia imo katika ukingo wa senti. Ipo pia senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward wa Nane, ambaye hakutawala hata mwaka mmoja, akaacha kiti Desemba ya mwaka huo. Huko Uingereza sarafu zake hazikuwahi kutolewa kwa watu, lakini zetu, kwa kuwa zilikuwa na tundu na hazikuhitaji picha ya kichwa chake, zilipigwa na kutumika. Mtu wa Iringa alinunua chumvi kwa jina la mfalme ambalo mtu wa London hakuliona katika mfuko wake.

Katika mwaka 1964 senti tano na kumi zilitoka bila jina la mtawala yeyote, na noti zikawa na picha ya mashua katika Ziwa Viktoria badala ya malkia. Hicho ni kipindi kifupi, baada ya uhuru na kabla ya fedha zetu wenyewe. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi Juni 1966, na sarafu za mwaka huo wazazi wengi wanazikumbuka: samaki katika senti tano, mbuni katika senti ishirini, sungura katika senti hamsini, na mwenge katika shilingi, pamoja na sura ya Mwalimu Nyerere. Shilingi tano ya miaka ya 1970 watu waliiita dala, na ndiyo iliyokuwa nauli, ndipo tukapata neno daladala.

Hapa niruhusuni nitoke nje kidogo. Katika visiwa vya Hawaii, mbali kabisa katika Bahari ya Pasifiki, Mfalme Kalakaua alipiga sarafu zenye mwaka 1883, na ile kubwa imeandikwa kwa lugha yao akahi dala, yaani dola moja. Watu wale na sisi hatukujuana, lakini wote tulilichukua neno moja na kulitengeneza liendane na vinywa vyetu. Marekani ilipovitwaa visiwa hivyo mwaka 1898 sarafu hizo ziliondolewa, na kufikia mwaka 1903 zikawa zinarudishwa na kuyeyushwa. Nusu dola zilipigwa 700,000, zikayeyushwa zaidi ya 612,000. Ndiyo maana wenyeji na wageni huzitafuta leo kama lulu.

Jambo la namna hiyo limepita mbele ya macho yetu juzi tu. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, na baada ya hapo si malipo halali tena. Watu walipekua masanduku na magodoro, wakazipeleka benki, na walifanya vyema. Lakini bila shaka zipo zilizosahauliwa ndani ya vitabu na Biblia na misahafu. Hizo sasa haziwezi kununua hata andazi, kwa hiyo hakuna hasara kuzihifadhi. Noti ya shilingi 200 mwanafunzi wa leo hajapata kuiona, maana amekua akiijua kama sarafu.

Sasa nirudi kwa matapeli niliowataja. Husemwa mitaani kwamba rupia ya Mjerumani iliyo ya kweli huvuta mchele, au huzuia kiberiti kuwaka, na kwamba ipo kampuni ng'ambo inayoinunua kwa mamilioni ya shilingi. Watu wamechimba makaburi na misingi ya nyumba za zamani kwa ajili ya habari hiyo. Mwaka jana baba wa mwanafunzi wetu mmoja alikuwa tayari kutoa ada ya mwaka mzima ili ashirikishwe katika rupia moja, ambayo mwenyewe alionyeshwa ikiwa imefungwa katika kitambaa chekundu. Kwa bahati kijana alikuwa amehudhuria mikutano yetu ya sarafu. Akamwambia baba yake, "Baba, tuombe ipimwe kwanza katika maabara ya shule." Mwenye rupia aliposikia neno maabara akakumbuka safari.

Kupima kwenyewe si kugumu. Rupia ina uzito wa gramu 11.66, na katika sehemu elfu, 917 ni fedha, zilizobaki ni shaba. Kwanza lete sumaku: fedha haivutwi na sumaku, wala mchele hauvutwi na fedha. Pili, ipime katika mizani. Tatu, ifunge kwa uzi mwembamba, uitundike kwenye mizani na kuizamisha katika bilauri ya maji, uone uzito umepungua kwa kiasi gani. Rupia halisi itapungua gramu 1.13 hivi. Gawanya 11.66 kwa 1.13 utapata 10.3, ambayo ndiyo densiti ya mchanganyiko ule. Shaba ya manjano itakupa 8 na nusu hivi, chuma chini ya 8, risasi 11.3. Rupia iliyochakaa itakuwa na uzito pungufu, lakini jibu la kugawanya halibadiliki. Wanafunzi wa kidato cha pili wamekwisha kuifanya hesabu hii mara nyingi kwa vipande vya chuma, na sioni kwa nini wasiifanye kwa kitu kinachoweza kumwokolea mzazi ng'ombe. Na hata rupia ikiwa halisi, ndani yake mna gramu 10.7 tu za fedha safi. Thamani yake ni ya kawaida. Heller moja ni ndogo zaidi, maana zipo nyingi mno. Ile ya tembo ndiyo ghali kweli, na kwa sababu hiyo hiyo nakala zake bandia ni nyingi kuliko zenyewe.

Kuhusu kutunza nitasema kwa ufupi. Usisugue sarafu kwa jivu, mchanga, ndimu wala siki. Weusi ule wa miaka mia ni ngozi yake, na ukiitoa umeichubua. Afadhali chafu inayosomeka kuliko inayong'aa isiyo na herufi. Ishike kwa ukingo. Iweke peke yake katika bahasha ndogo ya karatasi mahali pakavu. Noti isikunjwe wala kubandikwa kwa gundi, na iwekwe mbali na jua. Na kitu kilichofukuliwa ardhini ni habari nyingine: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo aliyeokota kitu kama sarafu ya Kilwa asikiuze, bali awaarifu wahusika. Hapa mjini tunayo makumbusho ndani ya Boma la kale la Wajerumani, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na wanafunzi wanaweza kuanzia huko.

Juu ya kila bahasha twaandika mambo manne: ni sarafu gani, imeonekana wapi, nani alikuwa nayo, na alisema nini. La nne ndilo refu, na mara nyingi karatasi ya ziada huhitajika. Tukiwa na sarafu ambayo mwenyewe hataki kuiachia, kama ya yule bibi, bahasha hukaa na mchoro tu na maelezo, nasi huihesabu sawa na nyingine. Kabati letu la maktaba lina bahasha 64 kwa sasa, kumi na saba kati yake za michoro. Hatuna heller 5 ile kubwa ya 1908, hatuna senti kumi ya 1936, na noti ya shilingi 200 tunayo moja iliyochanika. Mkutano huwa Ijumaa baada ya vipindi, na mzazi aliye na mkebe nyumbani aweza kuja nao, akakaa nao mapajani muda wote tunapoandika.